Stika Nyekundu kwenye Mlango wa Kabati

Muuguzi wa kliniki alimlaza Kibonge kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamrudisha, kama mteja anayehisi amepunjwa sukari. Kisha akachukua kadi, akaweka nukta, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ulilala kama ubao wa meza. Mtoto wa miezi mitano mstari wake unatakiwa upande. Wa mwanangu ulikuwa umelala kwa mwezi wa pili mfululizo.

Akauliza mtoto anakula nini. Nikamwambia ananyonya alfajiri, jioni na usiku, na mchana nikiwa kazini anaachiwa chupa tatu za maziwa yangu mwenyewe, niliyoyakamua kwa mkono wangu. Nilisema chupa tatu kwa fahari kidogo, maana anayejua kukamua atajua chupa tatu si mchezo.

Muuguzi alimgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wa nepi magotini, akiangalia feni ya darini ambayo haikuwa ikizunguka.

"Na anazimaliza?"

"Zinaisha," mama mkwe aliiambia feni.

Muuguzi akafunga kadi. Akasema mtoto anayemaliza chupa tatu na kunyonya usiku hawezi kuwa na uzito ule, labda chupa zetu zina tundu. Akatupa wiki mbili. Mstari usipopanda, atatuandikia barua kwenda kwa daktari. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama mkwe alinieleza kwamba mizani ile ni mbovu, kwamba muuguzi mwenyewe amekonda hivyo atajuaje unene, na kwamba mjukuu wake yuko vilevile kama siku alipompa jina la Kibonge. Nilimtazama Kibonge mapajani kwangu. Pingili za mapaja aliyozaliwa nayo, zile za kufichia unga wa kuogea, zilikuwa zimebaki alama tu.

Kazi yangu ni stika. Kiwanda chetu hakipiki wala hakisagi. Watu wanatuletea chakula kilichokwisha kufungwa, pilipili ya unga, vitunguu vilivyokaushwa, magunia ya viazi, nasi tunakipitisha kwenye mionzi ili wadudu na vijidudu vife, na viazi visichipue ghalani. Katoni zinapanda kwenye makasha ya chuma yanayoning'inia, zinaingia chumba chenye kuta za zege nene kuliko urefu wa mtu mzima, zinazunguka humo ndani bila binadamu yeyote, zinatokea upande wa pili. Hazitoki na joto. Hazitoki na harufu. Ukiweka katoni iliyopita na isiyopita kando kwa kando, hata aliyejenga kiwanda hawezi kukwambia ipi ni ipi. Kwa hiyo kila katoni inabandikwa stika ya njano, ndogo kama kucha ya kidole gumba, na ikipita kwenye mionzi ile stika inageuka nyekundu. Kati ya upande wa njano na upande wa nyekundu kuna wavu mpaka darini. Mimi nakaa upande wa njano, nabandika na kuandika.

Chakula kikitoka hakina mionzi ndani yake, kama vile ukizima taa chumba hakibaki na mwanga. Mfano huo nilipewa na mwalimu wa masomo ya jioni, nikaupenda mno, na wiki ya kwanza ya kazi nikamletea mama mkwe kama zawadi. Nilikaa naye mezani, nikamchorea chumba cha zege, nikamwonyesha stika mbili, moja ya njano na moja iliyopita. Nilimaliza kutwa ya maneno. Yeye akachukua mawili: njano haijapita, nyekundu imepita. Taa na chumba akaniachia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ilipata sheria. Sare yangu ya kazi isivuke kizingiti, ianikwe nje kwenye kamba. Viatu vibaki mlangoni, vimwagiwe maji. Mtoto alipozaliwa, nisimshike kabla sijaoga, hata akilia mpaka sauti imkauke, nami nasimama bafuni nikijisugua huku maziwa yananichuruzika kwa kusikia kilio chake. Nilimweleza kwamba nina beji kifuani inayopima mionzi, inapelekwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mara inarudi haina kitu. Akaniuliza kama beji nayo inaoga.

Na huyu huyu alikuwa hachezi mbali na maikrowevu. Mume wangu ni fundi wa friji na maikrowevu, na nyumbani kwetu haikosekani moja mezani inayofanya kazi na mbili sakafuni zilizofunguliwa matumbo. Mama mkwe aliita ile ya mezani sanduku la mwanangu. Chai sandukuni, wali wa jana sandukuni, hata kitambaa cha kukanda goti lake sandukuni. Mimi sikuwa na ugomvi nalo, ila maziwa ya mtoto nilikataza. Maikrowevu inapasha kwa mabaka. Chupa ukiishika ni vuguvugu, kumbe katikati pana funda linalochemka, likamuunguza mtoto ulimi. Yatolewe kwenye friji, nikamwambia, yapoteze baridi polepole. Akacheka mpaka akashika meza.

"Chakula kilichopigwa mionzi kwenye pango lenu ni salama," alisema, "ila sanduku la mwanangu ndilo lina hatari. Haya, msomi."

Lakini alitii. Nakumbuka nilifurahi kwamba safari hii alitii.

Kukamua nilikuwa nakamulia stoo ya makaratasi, nimekaa juu ya katoni, mlango nimeuegemeza kwa mgongo. Saa nne, saa saba, saa tisa na nusu. Chupa nikazifungia kwenye friji ya ofisi. Tatizo likawa alama. Lazima ujue ipi ya kwanza ili inywewe ya kwanza, na karatasi za kawaida zilikuwa zinaloa na kudondoka. Ndipo msimamizi akatupa rola zima la stika kwa sababu tarehe yake ilikuwa imepita, haliruhusiwi tena kubandikwa kwenye mali ya watu. Nikaliomba. Gundi yake ilikuwa haijui baridi wala maji. Nikawa naandika siku na saa juu ya stika ya njano, nabandika, napeleka nyumbani, kesho yake chupa zinanisubiri zimeoshwa na kufutwa, safi, hazina alama yoyote. Sikujiuliza stika zinakwenda wapi. Nani anayejiuliza stika zinakwenda wapi?

Siku tatu baada ya kliniki, umeme wa kiwandani ulizimwa kwa matengenezo, tukaruhusiwa saa sita. Niliingia kwa mlango wa jikoni na viatu mkononi. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye sinki, Kibonge mgongoni, chupa ameiinamisha. Maziwa yalikuwa yanashuka kwenye tundu la sinki kwa mlio wa mtu anayemeza.

Hakushtuka. Aliimwaga mpaka tone la mwisho, akasuuza chupa, akabandua stika kwa ukucha, akaniletea karibu na macho. Ilikuwa na mwandiko wangu. Ilikuwa nyekundu.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha," alisema. "Njano haijapita, nyekundu imepita. Sasa niambie, mwanangu, hii nimpe mjukuu wangu?"

Akafungua mlango wa kabati la vyombo. Upande wa ndani, kutoka juu mpaka chini, alikuwa amezibandika zote kwa mistari iliyonyooka, maana mama mkwe hata akikosea anakosea kwa usafi. Wiki saba za stika nyekundu. Jumatatu saa nne. Alhamisi saa saba. Moja niliichora ua dogo pembeni, siku Kibonge alipotimiza miezi minne. Kila tone nililolikamua mgongo ukiwa umebana mlango wa stoo lilikuwa limeandikishwa pale, na lote lilikuwa limekwenda na bomba.

Nilimuuliza amekuwa akimpa nini. Uji mwepesi, akasema, na maziwa ya kopo ya kununua kwa hela yake, ameyazimua kwa maji ili yafike mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo akakaa kwenye kigoda, akamfungua Kibonge mgongoni, akamlaza mapajani, akaanza kumpangusa uso usiokuwa na kitu.

"Ningekwambiaje? Mwanamke umwambie maziwa yake yameharibika naye bado ananyonyesha? Nikasema bora nilibebe mwenyewe."

Nikamwuliza, kwa sauti niliyoikaza kama mtu anayefunga mzigo, mbona basi usiku ananyonya na yeye anaona. Akasema usiku anaomba Mungu. Pia, yakitoka kifuani bado yana joto, hayajaiva. Ni yakilala ndiyo yanaiva. Jioni stika inaingia njano, kesho yake mchana ni nyekundu. Ameangalia kwa wiki saba, haijakosea hata siku moja.

Hasira ilinijia, ikakuta huruma imeshakaa kwenye kiti. Nikabaki nimesimama katikati ya jiko na viatu vyangu mkononi.

Jioni mume wangu alirudi na maikrowevu ya mteja kifuani. Aliliangalia kabati, akatuangalia, akaiweka chini taratibu. Mama mkwe alimweleza yote kwa utulivu, akamalizia kwa sharti: ama niache kazi ile, ama yeye afungashe arudi kwake, kwa kuwa hawezi kumlisha mtoto sumu kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi tena kuimwaga kwa siri. Mtu mwingine wa kumwachia mtoto hatukuwa naye. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja tu, limevaa nguo mbili.

Nilimgeukia mume wangu.

"Mimi fundi wa vyombo," alisema. "Wanawake wawili jiko moja, hiyo fani sikusomea." Baadaye, chumbani, akasema labda nikae nyumbani kwa muda, mambo yapoe. Nikamwuliza mambo gani yapoe, maziwa au mama yake. Akageukia ukuta.

Kesho yake nilimfuata afisa usalama wa kiwanda, mzee mpole tunayemwita Babu Beji kwa sababu hupita kila asubuhi akitugusa vifuani kwa kalamu kuhakikisha tumevaa. Nilimwonyesha stika moja niliyoibandua kabatini. Aliivalia miwani, akauliza rola liko wapi. Nikalitoa, bado liko ndani ya boksi lake. Akaligeuza, akaweka kidole chini ya maandishi ya boksi. Yaliandikwa: weka mbali na jua na joto. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita miezi minane.

"Na karatasi iliyobandikwa kwenye kabati la stika, upande wako wa njano, inasemaje?" aliniuliza.

Inasema hivyohivyo. Niliiandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, na kuzungushia duara.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata nuru. Nilimwuliza mama mkwe chupa akizitoa kwenye friji anaziweka wapi. Akanionyesha dirisha la jikoni, lile linalopigwa na jua kuanzia asubuhi.

"Si ulinikataza sanduku? Ukasema yapoteze baridi polepole. Basi nazipanga hapo mapema, kabla sijaanza kufua."

Kwa hiyo masomo yangu mawili yalikuwa yamekutana dirishani na kumnyima mwanangu chakula. Nilivuta pumzi, nikamweleza. Stika zile zimechakaa, jua na joto vinazigeuza rangi hata kama hazijaona kiwanda. Ni jua, Mama, ni jua tu.

Sikujua kumbe hapo ndipo ningemuudhi kweli. Mama mkwe aliishi kwa jua. Miaka thelathini alianika samaki, mboga na pilipili juu ya majamvi, akauza, akasomesha fundi wa friji. Alisimama.

"Jua? Jua limenilishia watoto miaka thelathini bila friji, bila pango, bila karatasi. Leo uzeeni mwangu ndiyo lije kusingiziwa?"

Nilimletea barua ya Babu Beji, yenye mhuri, kwamba beji yangu haijasoma kitu tangu niajiriwe. Akasema karatasi ni karatasi. Nilimrudia mfano wa taa na chumba. Akasema taa yangu aliisikia mara ya kwanza. Nikamchorea tena. Akauliza kama kuna mtu aliwahi kushiba mchoro. Kibonge alikuwa analia, sare yangu inapepea nje kama mtu aliyefukuzwa, nywele zangu bado zina maji ya sheria ya kuoga, na friji ilikuwa imejaa chupa ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzinywa. Nililitoa rola mkobani nikalibwaga mezani mpaka vijiko vikaruka.

"Haya, Mama. Hizi hapa. Bandika wewe mwenyewe. Bandika nyumba nzima."

Nilisema kwa kuchoka. Watu wengine ukiwaambia kitu kwa kuchoka wanaelewa umechoka. Mama mkwe alilichukua rola, akalipima uzito mkononi, akaliweka mfukoni.

Niliporudi kutoka kazini jioni iliyofuata, sikuitambua nyumba yangu. Kulikuwa na stika mlangoni, juu ya kitasa. Juu ya kopo la sukari. Kwenye birika, kwenye kitanda cha mtoto, juu yake na chini yake. Kwenye dirisha la jikoni zilikuwa nne, kwenye dirisha la chumbani ambalo halipati jua nne nyingine. Mume wangu alikuta moja kwenye sanduku lake la vifaa na moja kwenye kofia. Mto wangu ulikuwa na mbili. Maikrowevu ilipewa tatu, kwa heshima yake. Sare yangu, pale kwenye kamba, ilikuwa nayo moja begani na, nilipotia mkono mfukoni, moja ndani ya mfuko. Hata kitambaa chake cha kichwa, kilichofuliwa na kuanikwa kando ya sare, alikibandika.

Nilimuuliza tutaishi hivi mpaka lini. Akasema mimi nilisoma miaka mingi usiku, yeye anaomba siku tatu tu za mchana. Hizo siku tatu akampa Kibonge maziwa ya kopo bila kuyazimua, na kunyonya usiku akaendelea kunyonya. Hapo ndipo tulipokubaliana, shingo upande. Mimi niliendelea kukamua stoo na kujaza friji. Asubuhi na jioni alifanya zamu yake, mikono nyuma, akiinama kwenye kila stika kama msimamizi wetu anayekagua katoni. Ningekuwa na nguvu ya kucheka ningecheka.

Siku ya pili aliniita kwa ukali. Stika ya ubavuni mwa maikrowevu ilikuwa imeanza wekundu, ile ya mlango wake bado njano. Niliona uso wake umesawijika. Sanduku la mwanawe limemsaliti. Mume wangu ndiye aliyejibu, bila hata kuinua macho kutoka kwenye waya alizokuwa anaziunga.

"Hapo ndipo linapopumulia, Mama. Weka mkono uone. Ni hewa ya moto inatoka, kama puani."

Akaweka mkono. Akauacha pale kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye birika, akaangalia stika yake, nyekundu tayari, akarudi kulishika sanduku tena.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, sikwenda kazini. Alinikuta nafua nepi, akanishika kifundo cha mkono, povu na yote, akanizungusha nyumba nzima kama mgeni. Chini ya kitanda cha mtoto, njano. Mto wangu, njano na njano. Kopo la sukari, njano. Dirisha la chumbani, njano zote nne. Dirisha la jikoni, nyekundu zote nne kama zimepakwa. Tukatoka nje kwenye kamba. Begani mwa sare yangu, nyekundu. Akaingiza mkono mfukoni mwa sare ile, ile aliyokuwa haigusi, akageuza mfuko nje. Njano.

Akasogea hatua moja, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akanionyesha. Nyekundu kuliko zote.

"Na hiki hakijakanyaga kiwandani kwenu hata siku moja," alisema.

Nilinyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya wiki ile.

"Pilipili ukiianika siku tatu inabadilika," aliendelea, akizungumza zaidi na kitambaa kuliko na mimi. "Ukiweka jamvi kivulini, hata wiki, inabaki ilivyo. Hilo mtoto wa miaka sita analijua. Karatasi zenu zinaanikika kama pilipili. Mbona hukusema?"

"Nilisema, Mama. Nilisema ni jua."

"Ulilisema jua kama mwizi. Ungesema karatasi ndiyo dhaifu, ningekuelewa siku ile ile." Akakunja kitambaa mara nne, stika ikiwa ndani. "Wiki saba," alisema. "Chupa tatu kila siku. Na anavyoipenda chupa."

Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini ilikuwa inadhuru, na wote wawili tulijua. Nikamwambia tu kwamba friji imejaa.

Aliingia jikoni. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikasimama pale na mikono yenye povu. Alitoa chupa ya zamani kuliko zote, akaitua kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, mbali na dirisha na mbali na sanduku. Akadondosha tone mgongoni mwa mkono wake, akalionja. Kisha akamchukua Kibonge, akakaa kwenye kigoda, akamgeuzia dirisha mgongo, kana kwamba lile nalo linataka kuonja. Kibonge alikamata chupa kwa mikono yote miwili. Hakuvuta pumzi mpaka nusu yake. Bibi yake alikuwa anamhesabia mafunda kwa sauti ya chini, na alipofika ishirini na kitu akapoteza hesabu, akaanza upya.

Sitasema mambo yalinyooka. Sare yangu bado inalala nje. Bado naoga kabla ya kumshika mtoto, siku hizi sababu ni vumbi. Mama mkwe anataka nimpeleke kiwandani akawaambie wakubwa kwamba stika zao zinadanganywa na jua; nimemweleza kwamba wanajua, imeandikwa kwenye boksi, nami nimeiandika kwa mkono wangu kwenye kabati. Akaniuliza, kama wanajua na wewe unajua, ilikuwaje. Sina jibu la kumpa, na yeye anajua sina, ndiyo maana anauliza kila baada ya siku mbili.

Stika kwenye chupa amezipiga marufuku. Sasa kila chupa inafungwa uzi shingoni: fundo moja la asubuhi, mafundo mawili ya mchana, matatu ya alasiri. Nafunga nyuzi stooni na mgongo wangu mlangoni, na lazima nikiri hazilowi wala hazigeuki rangi.

Kliniki tulirudi siku ile ile tuliyopangiwa. Muuguzi aliweka nukta, akachora mstari, na mstari ukainua kichwa. Si sana, kama mtu anayeamka huku bado amelala. Akasema daktari asubiri kwanza, turudi baada ya mwezi. Mama mkwe akavuta kiti karibu, akamweleza jinsi alivyogundua kwamba karatasi za kiwandani zinaanikika kama pilipili, stika baada ya stika, mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Mimi katika hadithi ile nilikuwa mkwe mmoja mwenye kiburi cha shule. Nilimpakata Kibonge, nikatafuta kwa kidole pingili ya paja lake la kushoto, nikaipata, ndogo, imeanza kurudi.

Jana nilichelewa. Kulikuwa na mzigo mkubwa wa vitunguu upande wa njano, nikakosa zamu yangu ya kukamua ya saa tisa na nusu. Nilivua viatu, nikaoga, nikaingia jikoni nimechoka hata macho. Stika za kabatini bado ziko palepale. Nilianza kuzibandua siku moja akaniambia niziache, yeye ndiye alizibandika, yeye ndiye atakayejua lini zitoke. Alikuwa amesimama mbele ya friji, mkoba wangu umefunguliwa, anapapasa shingo za chupa kwa vidole. Fundo moja. Mafundo mawili. Akapapasa tena chini ya mkoba.

Alinigeukia na uso ule ule wa siku ya sinki.

"Mama Kibonge," alisema. "Ya tatu iko wapi?"